Habuli ya Thabit

Kila asubuhi, chini ya ukuta ilipotundikwa ile kamba, nilifagia unga. Ulikuwa unga wa kahawia, laini, kama ule unaobaki chini ya mlango ulioliwa na mchwa. Nilifagia huku nasonya, maana mtu hahitaji kusomea popote kujua kwamba kitu kinachomwaga unga kinakufa. Mume wangu Amour hakutaka kulisikia hilo. Kwake yeye ile haikuwa kamba, ilikuwa urithi.

Kwetu Ibra, huku Omani, mtu hukwea mtende kwa habuli. Ni kamba nene ya lifu, yaani zile nyuzi zinazoota baina ya makuti ya mtende, iliyosukwa na kushonewa ngozi pana pale inapokaa mgongoni. Inamzunguka mkwezi na mti kwa pamoja. Mkwezi huegemea nyuma kama aliyekaa kitini, miguu ikikanyaga magutu ya makuti ya zamani, kisha huirusha kamba juu kidogo, akapanda, akairusha tena. Uzito wake wote umo ndani ya kamba ile. Ikikatika, hana cha kushika.

Yetu ilikuwa ya marehemu baba mkwe wangu, Thabit, aliyeondoka Ibra kijana kwenda Unguja akaiacha kwa nduguye. Nduguye akaitumia na kuitunza, akaibadilisha ngozi mara kwa mara. Sisi tuliporudi mwaka wa sabini na moja, hatuna mbele wala nyuma, akamkabidhi Amour na kumwambia, hii ya babako. Amour alizaliwa Malindi ya Unguja. Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni, cha kusomea, na watu wa Ibra wakimwita Zinjibari huku wanacheka. Akaipokea kamba kwa mikono miwili akainusa. Nilimwona, na nilimhurumia, kwa sababu nilijua anatafuta harufu ya mtu aliyekufa yeye akiwa bado anavaa hirizi shingoni.

Kila alichokijua juu ya babake alikuwa amehadithiwa na mama mkwe wangu, Bimdogo. Bimdogo ni Mswahili wa Unguja aliyekuwa hajapata kuuona mtende mpaka uzeeni, lakini ukimsikiliza ungedhani alikuwa akimshikia Thabit mundu. Thabit akikwea mtende wao mkubwa huku anaimba. Thabit akifika kileleni akiachia mikono yote miwili, ameegemea kamba tu, akajifunga kilemba. Amour alikua na hadithi hizo, na tulipohamia Ibra akaukuta mtende wenyewe umesimama, mrefu kuliko yote ya bustani ile, na watu wakiuita mpaka leo mtende wa Thabit.

Miaka yote Amour alikwea mitende yetu mifupi. Ule mkubwa akiukwea Musallam, jirani yetu, ambaye kazi yake ni mitende na mwenye miguu mikavu inayoshika mti kama mikono. Mpangilio huo ulinifaa mimi vizuri sana. Musallam akipata sehemu yake ya tende, mimi nampata mume wangu mzima.

Mwaka wa sabini na tisa mambo yakaharibika kwa neno moja la barazani. Ilikuwa karibu na tabsili, siku zile za joto kali tunapokata tende za mabsali zingali manjano, tukazichemsha kwa madeste makubwa na kuzianika, ziende kuuzwa. Amour alikwenda kunywa kahawa, na mtu mmoja, sitamtaja kwa sababu bado nina hasira naye, akasema mtende wa Thabit unamjua Musallam tu, wenyewe wanajua kula tende tu. Wakacheka wote. Amour naye akacheka. Alivyorudi nyumbani uso wake haukuwa wa mtu aliyecheka.

"Mwaka huu ule mkubwa naukwea mie," akasema, na akaitungua kamba ukutani. Unga ukamwagika begani mwake.

"Hebu jitazame bega," nikamwambia. "Bwana, hiyo kamba imekwisha. Musallam anasuka mpya, mwambie akusukie na wewe."

"Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mbachao ukitoboka, mtu huumia goti. Hii ikitoboka tutakuokota vipande."

"Radhia, babangu kaikwelea hii."

"Babako alikwea ikiwa mpya! Na yeye kama angekuwa hai leo angeitupa."

Hapo nilikosea, nikiri nisikiri.  Alikaa na kamba mapajani anaisugua kwa kitambaa, na Bimdogo alikuwa kando anachambua mchele, akimtazama mwanawe kwa macho ya huruma. Sikio la kufa halisikii dawa, nikasema moyoni, nikaondoka nikaenda kupiga sufuria zangu jikoni mpaka jirani akauliza kuna nini.

Kesho yake Bimdogo aliichukua kamba chumbani kwake, akasema anazikaza nyuzi za ngozi. Sikumuuliza zaidi. Ilikaa kwake siku kadhaa, kisha ikarudi ukutani, na tangu iliporudi unga ukakoma. Asubuhi naja na ufagio, sakafu safi. Nikaipapasa kamba yenyewe, nikaikuta imekaza na laini juu, hata rangi imekolea. Nikadhani labda mimi ndiye mwenye kasoro.

"Si unaona, bibi weye?" Amour akaniambia, na furaha yake ilikuwa ya kitoto kabisa. "Imeacha. Ilikuwa vumbi tu la ukutani."

 Nilitaka sana awe kasema kweli.

Siku ya tabsili tulifika bustanini mapema, jua bado halijapata ukali. Madeste yalikuwa yameshainjikwa, moshi umejaa, wanawake tumetandaza mabusati chini ya mitende kupokea tende zitakazodondoka. Habari ilikuwa imeenea kwamba Zinjibari ataukwea mtende wa Thabit, na wanaume waliokuwa na kazi kwengine wakajikuta wana kazi kwetu. Mzee Ghanim alikaa na bakora yake kando ya falaji, ule mfereji wa maji ya bustani. Yeye ni binamu wa Thabit, walikua pamoja hapo Ibra, akenda Unguja nyuma yake na akarudi mbele yetu. Wa rika lao alibaki yeye peke yake, hata nduguye Thabit alikuwa ameshakufa.

Amour alijifunga, akaivuta kamba kwa nguvu dhidi ya mti mara nyingi, wanaume wakitazama. Ilishika. Akasema bismillahi akaanza.

Alikwea vizuri, siwezi kumdhulumu. Alirusha kamba, akapanda, akarusha, akapanda, bila pupa. Mtu mmoja akatania, "Aliye juu mngoje chini," wengine wakamwitikia, lakini kicheko kilipungua kila alivyozidi kupanda. Mie niliogopa, na chini ya hofu kulikuwa na fahari pia, siwezi kuificha. Nilisema moyoni, tazameni, huyo ndiye mnayemcheka. Alifika penye makole, yale mashada ya tende, akaegemea nyuma, akauchomoa mundu kiunoni.

Bimdogo alinisogelea. Uso wake ulikuwa umenawiri.

"Umeiona kamba ilivyotulia?" akaninong'oneza. "Dawa yangu hiyo. Niliiroweka kwa maji ya chumvi, kama wafanyavyo watu wa kwetu kwa kamba za makumbi. Nikaianika kivulini. Kamba ni ile ile, ilikuwa na kiu tu."

Nami ni wa Unguja. Najua kwamba makumbi ya nazi huzikwa pwani, maji ya chumvi yakayakaza, na kamba ya usumba ikilowa ndiyo kwanza inashika. Kwa hiyo neno lake lilipita masikioni mwangu kama neno la kawaida, mpaka nikaona mikono yangu mwenyewe. Mikononi nilikuwa nimeshika lifu la kusugulia deste. Lifu la mtende, lile lile linalosukwa habuli. Kila nikilisahau ndani ya maji linakuwa uji, nikilikamua linabaki vipande, nalitupa nachukua jengine. Nimelitupa mara ngapi tangu tuhamie hapa, Mungu ndiye ajuaye.

Kumbe unga haukukoma kwa sababu kamba imepona. Ulikuwa umegandishwa na chumvi.

Nilimkimbilia Musallam aliyekuwa chini ya mtende wa pili anajifunga habuli yake. Nikamwambia kwa Kiarabu changu kibovu, kamba, maji, chumvi, siku nyingi. Hakuniuliza mara ya pili. Alimtazama Amour juu, aliyekuwa anaegemea huku anachagua kole la kwanza.

"Asiegemee," akasema. "Asiteremke wala asipande. Aukumbatie mti na akae hivyo hivyo mpaka nimfikie."

Inabidi nieleze jambo hapa, la sivyo mtu atasema, kwani kuukumbatia mti kuna tabu gani? Ibra, mwanamume akiukumbatia mtende, basi ameuoa. Ndivyo wanavyosema: fulani kaoa. Atapongezwa msikitini, ataulizwa sokoni mahari alitoa kiasi gani, bibi arusi hajambo, na ataulizwa hivyo mpaka msimu mwengine. Watoto wadogo wakijifunza kukwea huambiwa, anguka lakini usioe. Na Amour alikuwa amekwea ule mti kwa sababu ya kicheko cha barazani.

"Amour!" nikapiga kelele. "Kamba imeoza! Ukumbatie mti!"

Wanaume walipasuka kwa kicheko. "Mkewe anamwozesha!" mmoja akasema.

Amour alitazama chini. Kutoka pale nilipokuwa niliona uso wake mdogo, na niliona umekunjamana. "Radhia, nyamaza!" akajibu.

Musallam naye akaita kwa sauti kubwa, akarudia nilichosema. Amour akacheka juu kule, kicheko kikavu. "Musallam kaona mtende wake unakwenda," akasema kwa Kiarabu, ili wote wasikie, na wote wakafurahi. Akajisogeza upande wa pili wa mti, na alivyojisogeza akaegemea nyuma na uzito wake wote. Nilifumba macho. Nilipofumbua, bado alikuwapo.

"Mama, mwambie wewe," nikamshika Bimdogo mkono. "Ile chumvi imeiua. Hili si kumbi, mama, hili lifu. Limeoza ndani."

Aliniangalia kama haelewi Kiswahili. Kisha akaelewa. Sikuwa nimepata kuona uso wa mtu ukizeeka papo kwa papo, na sitaki kuuona tena.

"Mwanangu!" akaita. "Mwanangu Amour! Mie niliiroweka hiyo kamba! Nimeiharibu mie!"

"Hujaiharibu mama!" Amour akajibu, na sauti yake kwa mamake ilikuwa na upole. "Imekaza vizuri. Tulia uone!" Akaupeleka mundu kwenye kole.

Musallam alikuwa ameshatia habuli yake kwenye mti wetu na amevaa begani kamba ya nailoni ya kuteremshia makole. Lakini mti mrefu ukikwewa na watu wawili hucheza. Alipopanda hatua za mwanzo tu, kilele kikayumba, na Amour akayumba nacho, akategemea kamba kujizuia. Pale mgongoni mwake, ngozi inapokutana na lifu, niliona shungi moja la nyuzi limefumuka na kusimama. Halafu jengine. Musallam akasimama pale pale, hathubutu kuendelea. Amour asipoukumbatia mti, kila hatua ya mwokozi wake itamsogeza karibu na kuanguka. Nilipiga kelele tena, sijui nilisema nini, labda nilimtukana.

Hapo Bimdogo akaniachia mkono, akasogea mbele mpaka katikati ya wanaume. Bibi yule hakuwa akisema mbele ya wanaume. Akienda harusini hujifunika mpaka macho. Siku ile buibui lilimwanguka mabegani, na hakuliokota.

"Amour!" akasema. Sauti ilikuwa kali, ya kumgombeza mtoto. "Unamfuata nani huko juu? Hakuna mtu huko! Babako hakuwahi kuukwea mti huo!"

Kicheko kikakatika. Nusu ya watu waliokuwapo walikuwa wametoka Unguja au bara, wakasikia kila neno. Nusu nyingine wakatafsiriwa pale pale, nikiwasikia wakinong'onezana.

"Alifika nusu yake akaogopa," Bimdogo akaendelea. "Akaukumbatia, akalia. Alilia mpaka akateremshwa kama gunia la karafuu. Ndo mana akaja Unguja, alikuwa anaona haya kukaa hapa! Hiyo kamba hakuiacha, aliikimbia. Hadithi zote nilizokuhadithia nilizitunga mie, upate baba wa kujivunia. Basi! Nimesema! Sasa huna wa kumfuata, ukumbatie mti ukae!"

 Nilimwona Amour amesimamisha mundu hewani. Akatafuta kwa macho chini, akampata aliyemtaka.

"Ami Ghanim!" akaita. Sauti haikuwa ya mtu mzima. "Ami Ghanim, kweli hayo?"

Mzee Ghanim alikuwa ameshainuka. Aliinamisha kichwa, akaitazama bakora yake.  Shungi la tatu likasimama kule juu.

"Kweli," akasema Mzee Ghanim. "Mie ndo niliyemteremsha."

Amour akauachia mundu. Ulianguka ukajichoma kwenye busati. Akajivuta mbele, taratibu, akaweka shavu kwenye mti, kisha kifua, kisha akauzungusha mikono yote miwili na miguu akaibana. Alikumbatia kama mtoto aliyeota vibaya. Hakuna aliyesema kaoa. Musallam akaanza kupanda, kwa haraka sasa, na mti ukacheza, na Amour akacheza nao bila kubanduka.

Musallam alikuwa amepita nusu ya mti kamba ilipokatika. Nilidhani itapiga mlio, haikupiga. Iliachia tu, ncha moja ikateleza ikazunguka mti, na habuli yote ikampita Musallam kichwani, ikadondoka kwenye busati karibu na mundu. Wanawake walipiga ukelele kwa sababu waliona kitu kinaanguka. Mie nilikuwa nimeangalia juu tu, na mume wangu alikuwa bado yuko juu, ameshika mti kwa mikono na magoti, mgongo wake mtupu.

Sitasimulia vile Musallam alivyomfikia, akaizungusha nailoni nyuma yake, akaifunga, akarudia kuifunga, akamteremsha hatua kwa hatua akimtukana kwa Kiarabu kwa sauti ya mapenzi.  Alipofika chini, kifua chake kilikuwa kimechanika chote kwa magutu na kanzu imelowa damu. Alikaa kwenye busati, akaomba maji, akashindwa kushika bakuli. Nikamnywesha mie, nikilia bila kujificha, na nikamwambia nitamuua mwenyewe akipona. Mtu mmoja akaiokota kamba ile, akaikunja. Ilivunjika mkononi mwake kama kuni.

Amour alimtafuta mamake kwa macho. Bimdogo alikuwa amekaa mbali, amejifunika tena.

Alasiri nyumba yetu ilijaa. Watu walikuja kumpa pole Amour na walikaa, kwa sababu tende za mwanzo zilikuwa zimechemka na kahawa ipo. Nilitegemea nitamkuta mume wangu amenuna. Nilimpaka dawa, nikamfunga kitambaa, nikasubiri aseme kwamba nimemwaibisha, na nilikuwa nimeshayatayarisha majibu yangu yote, makali. Hakusema. Alitoka akakaa kwenye mkeka kati ya wageni, na mtu wa kwanza alipomuuliza bibi arusi hajambo, Amour alicheka. Alicheka kweli.

"Hajambo," akasema, "lakini ana kucha." Akawaonesha kifua.

Hapo tena hawakuweza kumfanya kitu. Ukishajicheka mwenyewe, barazani huna adui. Akamwita Musallam akamkalisha kando yake, akamwambia mbele ya wote, mtende ule ni wako wewe kuukwea mpaka nife, na kamba mpya ukisuka nisukie na mie ya mitende mifupi. "Sisi ni ukoo wa waoga, jamani," akasema. "Mzee wangu aliteremshwa kama gunia! Na mie miaka yote nainusa kamba yake!" Watu wakacheka mpaka wakafuta macho. Nilimwona mwepesi mabegani, kama mtu aliyetua mzigo ambao hakujua kama kaubeba. Nilifurahi mno. Nilisema alhamdulillahi, yote kheri, nikachukua birika kwenda kuongeza kahawa.

Mzee Ghanim alikuwa nje ya mlango anavaa viatu. Alikuwa anaondoka bila kuaga.

"Ami, mbona mapema?" nikamwambia. "Na leo umetuokolea mtu. Kumbe ulimteremsha wewe marehemu?"

Alivaa kiatu cha pili kwanza. Kisha akatazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu.

"Thabit?" akasema. "Thabit akishuka mtende wa pili, mie bado nafunga habuli yangu kwenye wa kwanza. Ule mkubwa akiukwea anaimba. Mpaka wanawake wakitoka nje kumsikiliza."

Nikaliweka birika chini.

"Basi kwa nini uliitikia kwamba ni kweli?"

"Mkewe kasema," Mzee Ghanim akajibu. "Ningemkadhibisha, na mtoto yuko juu?" Alinyanyua bakora akaenda zake. Alikuwa analia, na alikuwa mzee sana kulia njiani.

Nilimkuta Bimdogo chumbani kwake. Amekaa juu ya msala, lakini wakati wa sala ulikuwa umepita na mwengine haujaingia. Mikono ameiweka mapajani, viganja juu. Nikakaa chini mbele yake. 

"Mama, Ami Ghanim kaniambia."

Akatikisa kichwa, nisiendelee.

"Usimwambie Amour," akasema. "Akijua ataukwea tena."

"Lakini mama, wewe ulijuaje kama marehemu akikwea kweli? Hukuwapo."

"Mume wangu hakupata kunidanganya hata mara moja," akasema. "Alikuwa akinihadithia usiku, nacheka, ananionesha mikono alivyokuwa akiiachia. Sasa mji wake wote unamcheka, na mie ndo niliyewapa cha kumchekea. Hana mwengine wa kumsemea, Radhia. Alikuwa na mie tu."

Nilimshika mikono yake. Nilitaka kumwambia kwamba marehemu angesamehe, angefanya hivyo hivyo, lakini kila neno lililonijia lilikuwa rahisi mno, nikaona haya kulisema. Nikalia tu. Yeye hakulia.

Barazani kicheko kilipanda tena, kisha sauti ya Amour ikaja ndani, changamfu, ya mtu mzima aliye hai.

"Mama! Ewe mama! Njoo uwahadithie hawa alivyolia mzee! Mie sijui kuhadithia kama wewe!"

Bimdogo akaniachia mikono. Akajipangusa uso kwa upande wa leso, ingawa hakukuwa na kitu cha kupangusa, akaukunja msala. Nilisema, mama, usiende, nitawaambia umelala. Akanipita. Nikamfuata mpaka mlangoni, nikamwona anakaa kando ya mwanawe na Amour anamsogezea mto nyuma ya mgongo. Wageni wakanyamaza kumsikiliza. Akamtazama Amour kifuani, pale damu ilipokuwa imetoka kidogo kwenye kitambaa, kisha akaanza upya tangu mwanzo, na safari hii akamliza Thabit zaidi.